Moshi wa Kutosha

Kofia iliyomnyima Léontine jiko ilikuwa ya mume wake mwenyewe. Ni ile kofia ya kahawia ya Marcellin, ya kwendea misa, ambayo watu wa Ngezi, mtaa wao wa Bunia, huapa kwamba ilivuka mto peke yake siku familia ilipokimbia vita kule Djugu, ikamngojea mwenyewe ng'ambo. Siku ya kunyimwa jiko haikuvuka kitu. Ilikuwa mikononi mwa mtoto wao mkubwa, Nathanaël, katikati ya ua, na ndani yake mlikuwa na maharagwe meupe na mekundu, nusu kwa nusu.

"Kila mama anatia mukono bila kuangalia," Nathanaël alisema. "Nyeupe, ninamujengea jiko mupya yenye bomba ya kutoa moshi. Nyekundu, anapika tu na mafiga yake kama siku zote. Nyumba yote tunaweka kamashine, kanapima moshi. Kiisha tunalinganisha."

"Na mwenye nyekundu anapata nini?" Huyo alikuwa Vahwere, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza samaki wa chumvi kutoka Butembo, ambaye hata katika sala ya Baba Yetu alikuwa anaomba bei ipungue.

"Anasaidia sayansi, mama."

"Hiyo sayansi inakulaka nini? Nimupikie."

Wanawake wakacheka, Nathanaël pia akacheka, ila macho yake yalikuwa kwa mama yake. Yeye alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, na maharagwe yale ndiyo yalikuwa mwanzo wa mémoire yake, kazi ya kumalizia masomo. Léontine alikuwa amekohoa miaka mingi. Kanisani alikohoa hadi katekista akapoteza mstari. Nyumbani hakuna aliyewahi kulitamka, lakini wote walijua jiko lile jipya lilibuniwa kwa ajili ya kifua kile.

Léontine akafumba macho kama mtu anayepokea komunyo, akatia mkono kofiani, akatoa haragwe. Jekundu.

Nyuma yake Vahwere akatoa lake. Jeupe. Akaliangalia, akamwangalia Léontine.

"Mama Nathanaël, lete yako, kamata yangu. Miye niko na kifua ya ng'ombe. Nani ataona?"

"Miye nitaona," Nathanaël alisema. "Nikimuchagulia mama yangu, hesabu yote inakufa. Kura ni kura. Kazi ikiisha, mama, jiko ya kwanza ni yako. Ninakuapia."

"Wacheni mutoto," Léontine alisema. "Nilipika na mafiga tangu sijaota meno. Nitashindwa sasa?"

Jioni ile haragwe jekundu likaingia sufuriani pamoja na mengine. Haragwe ni haragwe.

.

Kile kimashine kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Vipande vyake vilitoka Kampala, vikapitia Aru, ambako watu wa forodha walivifungua mara mbili wakiuliza kama ni bomu au ni redio. Nathanaël aliwajibu ni pua. Neno hilo lilifika Bunia kabla ya mzigo. Kule mtaa wa Bigo, inasemekana, bwana mmoja aliyekuwa na mbuzi asiye wake aliuzunguka mtaa mzima asipite karibu na jiko lenye pua, na mlevi mmoja alipita akiwa amebana pumzi hadi akaanguka. Wengine walisema kinanusa hata dhambi, lakini zile za zamani tu.

Kikatundikwa kwenye ukuta wa jiko la Léontine, na kibao chake cha kukusanya jua kikawekwa juu ya bati. Kilikuwa na taa moja. Hewa ikiwa safi, kijani. Moshi ukiingia, nyekundu.

Asubuhi ya kwanza Léontine alipuliza moto, na taa ikawa nyekundu papo hapo, ikamkodolea macho kama mama mkwe.

"Nathan! Imekuwa nyekundu! Ni mubaya?"

Nathanaël alikuwa ameshapanda moto-teksi, pikipiki ya kukodi, amechelewa. "Ndiyo mama, nyekundu ni mubaya!" alipaza sauti, wakaondoka.

Jibu lilikuwa la kweli. Kama angalidanganya siku ile, huenda mengi yangaliepukika.

Maana kwao Léontine mgeni hafukizwi moshi. Akiingia mgeni, mafiga yanahamishwa nje, hata mvua ikinyesha, na anayelowa ni mwenye nyumba. Na huyu wa ukutani hakuwa mgeni wa kula na kwenda zake. Huyu alikuwa mgeni wa kwenda kusema alichokiona, tena mbele ya maprofesa. Basi Léontine akayabeba mafiga yake matatu nyuma ya nyumba, akayaegesha chini ya kipande cha bati kuukuu, akapika akiwa amechuchumaa, mgongo nje, sufuria ndani. Jikoni akafagia. Kila asubuhi akakipangusa kimashine kwa ncha ya kitenge chake.

Haikupita wiki, akawaeleza wenziwe wa haragwe jekundu pale kwenye robine, wakingoja maji.

"Kamashine kataenda kusomwa kule juu. Munataka waseme kwenu kunanuka moshi? Na mutoto atapata points gani?"

"Kumbe ni ekzame ya jikoni!" alisema Mama Suzanne.

"Ni ekzame."

"Ndiyo maana ananyamaza hivi, huyu Nathan! Anatupima akili!"

Mekundu yote yakahamia nje. Mama Suzanne aliweka hata maua chini ya kimashine chake. Ilikuwa msimu wa mvua, na mvua ya Bunia haibishi hodi. Wanawake walipika wakiwa wamejifunika magunia, na ndani ya majiko yao matupu taa ziliwaka kijani kama majani ya maboga. Nathanaël alitoka alfajiri na kurudi usiku, moto umeshazimwa.

Marcellin, aliyekuwa anafyatua matofali ya watu bondeni, alirudi jioni akakuta moto uko nyuma ya nyumba.

"Nani anapika?" akauliza kutoka mbali, kama alivyouliza kila jioni tangu waoane.

"Ni bibi yako wa pili," Léontine akajibu, kama alivyojibu kila jioni. Kisha akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa na maji ndani.

.

"Nyumba za jiko jipya, moshi kidogo," alisoma Profesa Emery, msimamizi wa mémoire, miwani puani. "Nyumba za mafiga, moshi kidogo zaidi." Akaweka karatasi mezani polepole. "Mon cher, nikuelewe vipi? Jiko lako ndilo linaleta moshi, ao mafiga ya Ngezi yanawaka kwa Roho Mtakatifu?"

Wasaidizi wawili waliokuwa dirishani wakacheka. Mmoja alikuwa amesoma na Nathanaël darasa moja.

"Sijui, prof. Mashine ziko bien. Nilizipima zote."

"Basi ni weye uliyepika hizi hesabu."

"Hapana, prof!"

"Hata kupika ulishindwa, maana mwizi wa hesabu huiba za kumfaa." Wasaidizi wakacheka tena. "Rudi, upime upya. Bila tofauti hakuna kazi. Bila kazi, jopo halikuoni. Tutaonana mwaka kesho."

Mwaka kesho. Kwa profesa yalikuwa maneno mawili. Kwa Nathanaël ilikuwa ni karo nyingine juu ya mikono ya baba yake, ambayo tayari ilikuwa imepasuka kama udongo ulioungua vibaya, na vidole ambavyo Jumapili havikuweza kufunga kifungo cha shati. Alitembea kwa miguu hadi Ngezi, mvuani. Hakutaka kuulizwa habari za chuo na majirani, kwa hiyo akapitia nyuma ya nyumba.

Akamkuta mama yake chini ya bati, mvua ikimshuka mgongoni.

"Mama? Unafanya nini huku?"

"Ninakupikia." Akakohoa, akajifuta, akatabasamu. "Enda uchungulie ndani. Tangu asubui iko kijani tu."

Nathanaël aliyaangalia mafiga, bati, mgongo uliolowa. Mwanafunzi mzuri huelewa upesi, na yeye alielewa kila kitu mara moja. Lakini alielewa kwanza kama mwanafunzi. Kuelewa kama mtoto kulikuja baadaye.

"Tangu siku gani?"

"Tangu mwanzo. Na Mama Suzanne, na wote wa nyekundu. Hakuna mutu alikuangusha, papa yangu."

"Mumeniua!" Alipiga kelele hadi Vahwere akachomoza kichwa juu ya ukuta. "Ule moshi ndiyo kazi yangu! Prof ananiita mwizi juu yenu! Mbele ya watu! Ninataka moshi, mama, unasikia? Bila moshi miye si kitu! Rudisha mafiga ndani, upike kama siku zote!"

Ketsia, mdogo wake wa kike, alikuwa mlangoni na beseni la sombe, majani ya muhogo. "Yaya," alimwita kaka yake, "mama iko na homa."

"Weye nyamaza."

Léontine akasimama, akishika goti. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa.

"Si ungesema tu? Moshi si kitu ya kugombania."

Akakunja kitenge, akalishika figa la kwanza, likiwa bado la moto, akaliingiza ndani. Nathanaël alibaki mvuani. Kisha akaenda kwa Mama Suzanne, akaenda na kwa wengine wote, akawabembeleza wapike ndani, kama kawaida tu, jamani, kama kawaida. Aliwabembeleza vizuri sana. Kelele alikuwa amezimaliza kwa mama yake.

.

Alisema "kama siku zote", hilo lilisikika. Lakini katika maneno yote ya mtoto wake, Léontine alibaki na moja, moshi. Na yeye hakuwa mwanamke wa kutoa kidogo alipoombwa.

Akatafuta kuni za mkaratusi, mbichi, zikitoka maji kwenye ncha. Akaziba kidirisha kwa gunia. Akapuliza. Vahwere alikuja mbio na ndoo ya maji.

"Mama Nathanaël! Nyumba inaungua!"

"Haiungui. Mutoto iko na lazima ya moshi."

"Sasa unamupikia moshi?"

"Kama angeomba samaki, si ningekuja kwako?"

Vahwere akacheka, akapangusa macho. Halafu akaona jinsi mwenzake alivyoushika ukuta ili akohoe, kicheko kikamwisha. "Njoo upike kwangu, leo tu. Jiko yangu hata macho haiumi."

"Kwako iko ya nyeupe. Ya nyekundu iko hapa."

Juu ukutani taa ilikuwa nyekundu, nyekundu bila kupepesa. Léontine aliitazama machozi yakimtoka, akaichekea, kama mtu anayemlisha mtoto aliyekuwa anakataa kula.

Jioni Marcellin aliiona ile taa kupitia nyufa za mlango. "Nani anapika?"

Jibu lilichelewa. "Bibi yako... wa pili."

Aliingia, akatoka amefunga pua. "Léontine, basi. Twende hospitali."

"Wiki hii tu. Mutoto akamate karte yake ndani ya mashine, kiisha nitaenda."

Marcellin alikuwa amekizoea kikohozi kile kama unavyozoea mlio wa bati. Asubuhi akaenda kwenye matofali ya watu.

Siku Nathanaël alipozitoa karte, kadi zinazotunza vipimo vya vimashine vyote, akazisoma kwenye kompyuta ya rafiki, mistari miwili iliachana mbele ya macho yake kama njia panda. Mmoja chini, mmoja juu. Na juu ya huo wa juu, peke yake, ilikaa pointi moja ambayo karibu itoke nje ya kioo. Alikimbia nyumbani na chupa ya Fanta.

"Mama! Umeniokoa!"

Léontine alikuwa amelala mkekani. Aliinywa ile Fanta kwa kijiko, kwa sababu pumzi haikumruhusu kumeza zaidi.

.

Hospitalini walimwekea mrija puani. Mashine ya hewa alikuwa anaigawana na mtoto wa kitanda cha pili, na mama wa yule mtoto kila mara alimwangalia Ketsia kwa haya, kama mtu aliyechukua kiti cha mwingine.

"Mama anapikia wapi?" daktari aliuliza.

Ketsia ndiye aliyejibu, "Jikoni."

"Kifua kilichoka zamani. Baridi imekishika, na moshi umekimaliza." Daktari aliandika, akaenda kwa mwingine.

Saa za mchana, Marcellin alipokwenda kutafuta dawa, Léontine alifungua macho. Akamwita mtoto kwa kidole.

"Ilitosha?"

"Nini, mama?"

"Moshi."

Nathanaël akainama hadi paji lake likagusa ukingo wa kitanda cha chuma. "Ilitosha, mama."

"Niliogopa itakuwa kidogo." Alipumzika kati ya neno na neno. "Ile mukaratusi ya mwisho ilikuwa imeanza kukauka."

Hakusema jingine la maana. Alifariki kabla Marcellin hajarudi, na Marcellin alifika wodini na dawa mkononi, akizieleza kwa sauti toka mlangoni, hii asubui, hii jioni, hadi alipofika kitandani.

.

Kwenye matanga wanawake wa haragwe jekundu walikaa mkeka mmoja, wakikwepa macho ya Nathanaël. "Siye tulisema tunasaidia," Mama Suzanne alirudia kwa kila aliyekuja. Chakula kilipikwa kwa Vahwere, kwenye jiko jipya. Liliwaka vizuri sana. Watu walikula bila kulia machozi ya moshi, na Vahwere alizunguka na sahani akiwaambia wageni asiowajua, "Nilimwambia tubadilishane. Muulizeni mutoto wake. Nilimwambia."

Marcellin aliufunga mlango wa jiko la mke wake kwa waya. Hakuna aliyekumbuka, au hakuna aliyetaka, kukishusha kimashine.

Profesa Emery alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Hakujua ni nyumba ipi. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Sasa hii ndiyo kazi. Ila pointi hii ya juu iondoe. Inachafua mstari."

"Ibaki, prof."

"Watakuuliza."

"Ibaki."

.

Siku ya défense, siku ya kuitetea kazi mbele ya jopo, Marcellin alikaa mstari wa mbele na koti la kuazima, kofia ya kahawia magotini. Mambo yote yalisemwa kwa Kifaransa. Marcellin alijua Kifaransa cha salamu na Kifaransa cha barriera za askari, yaani "bonjour" na "ninyi mnatoka wapi". Kingine kilimpita juu kama ndege.

Pointi ile ilipojitokeza ukutani, kubwa kama shilingi, mjumbe mmoja mnene wa jopo akaegemea mbele.

"Na nyumba hii? Huyo mama alikuwa anapika nini, matairi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wanafunzi wakapiga meza. Marcellin aliwaona wakubwa wakifurahi mbele ya kazi ya mtoto wake, na yeye akacheka, akainua kofia kidogo kuwashukuru.

Nathanaël alimwona. Alingoja kicheko kiishe.

"Kuni mbichi," akasema.

"Kwa sababu gani kuni mbichi?"

Baba yake alikuwa bado anatabasamu, kofia hewani.

"Sababu haikupimwa."

Jibu hilo liliwapendeza. Mnene aliliandika, akatikisa kichwa kwa heshima: huyu kijana anajua mipaka ya kazi yake. Wakampa distinction.

Nje, mlangoni, Marcellin alimshika mkono. "Walikuwa wanacheka nini?"

"Walifurahi, papa."

"Niliona. Yule munene alifurahi zaidi. Mama yako angekuwa hapa, angemujibu."

.

Mtoto wa Kongo akimaliza masomo hapigwi makofi tu, anamwagiwa poda. Vahwere alikuwa ameficha makopo chini ya kitenge, na Nathanaël alipokanyaga ua wa Ngezi, wote walimrukia, weupe na wekundu pamoja. Poda ikamwagika kichwani, mabegani, ndani ya masikio. Mama Suzanne akapiga vigelegele, akalia, akapiga tena. Marcellin alikaa kitini ukutani, akakubali soda.

"Jengeni basi jiko ya muhandisi!" mtu akasema, na ua wote ukaendelea kuimba kwa nguvu zaidi.

Nathanaël akajitoa polepole. Kimashine kilikuwa cha chuo, kesho kilitakiwa kurudishwa. Akakizungusha kile kiwaya hadi mlango wa jiko ukaachia.

Ndani mlikuwa na baridi. Mafiga matatu yalikuwa pale pale, majivu yameshikana. Kitenge cha kupangusia kilining'inia kwenye msumari. Na juu ukutani taa ilikuwa kijani, kijani tulivu, kama ilivyokuwa tangu Léontine alipotolewa mle. Katika Bunia nzima hapakuwa na jiko lenye hewa safi kama lile.

Akanyoosha mikono kukishusha. Poda ikamdondoka kichwani na mabegani, ikatawanyika hewani, na pua ile, ambayo haikufundishwa kutofautisha, ikainusa.

Taa ikawa nyekundu.

Uani nyimbo ziliendelea, lakini kiti kimoja kilikwaruza chini. Kupitia nyufa za mlango Nathanaël alimwona baba yake amesimama, soda mkononi, uso umeelekea ile taa nyekundu.

"Nani anapika?" Marcellin aliuliza.

Nyimbo zikafa moja moja. Ketsia akauziba mdomo kwa kiganja. Marcellin akasogea hatua, shingo ameinyoosha mbele, akangoja.

Ndani, Nathanaël alibana pumzi. Alisimama mikono juu, bila kutikisika, mpaka poda yote ikatulia chini juu ya mafiga, na taa ikarudi kijani.